Ujumbe wa Makuyu

Kama kuna kitu kilinichosha katika ile lokdauni, kuliko kafyu, kuliko barakoa za kubana masikio, ni matumaini ya Mama Tusekile. Nasema ukweli wangu. Nchi imefungwa, kanisa limefungwa, mume wako amekwama ng'ambo ya mto, na wewe unaamka asubuhi unafagia mlango ukiimba? Nilikuwa namchungulia kwa dirisha la jikoni nikisonya. Nilijiuliza kama huyu mama haoni mambo, ama anayaona na anajikaza tu.

Alikuwa mpangaji wangu. Ploti yangu iko Ruiru, upande wa Kihunguro, nyumba nne na geti moja, na nyumba ya mbele ndiyo kubwa. Siku niliyoambiwa kanisa linatafutia wamishonari nyumba, nilipaka kuta rangi, nikaweka choo cha kukalia, nikanunua hata vikombe vyenye visahani, nikijua naletewa wazungu. Geti likagongwa. Kufungua hivi, nakuta mzee mweusi kunishinda, amebeba gunia la mchele begani, na nyuma yake mama wa kitenge ananipa pole ya kazi kabla sijajua hata ni nani. Watanzania! Kanisa lao la huko Tukuyu lilikuwa limewatuma, wote wawili wamestaafu, mzee alikuwa mwalimu na mama mkunga, waje walee kanisa letu dogo la mabati hapa Ruiru pamoja na tawi lake la Makuyu. Wangekaa miaka miwili halafu warudi kwa wajukuu.

Siku hiyo nilicheka peke yangu mpaka mbavu zikauma. Lakini baada ya mwezi, ungeniambia niwabadilishe na wazungu ningekufukuza na mwiko. Mchungaji Asajile alikuwa mtu wa kusalimia kila kitu, hata mbwa wa jirani alimpa habari za asubuhi. Mkewe naye akija kuomba chumvi, aliomba kwa adabu mpaka unajikuta umempa na sukari.

Sasa, ile Jumatatu ya Aprili, mwaka wa elfu mbili na ishirini, mzee alikuwa ameenda Makuyu kumwombea mama yake Chege. Huyu Chege ndiye mzee wa kanisa wa lile tawi. Alasiri nikawasha televisheni, nikasikia Nairobi na viunga vyake inafungwa saa moja jioni, hakuna kuingia, hakuna kutoka. Na mwisho wa hivyo viunga, upande wetu huu, ni daraja la mto Chania pale Thika. Ruiru ndani. Thika ndani. Makuyu, nje.

Nilikimbia nyumba ya mbele nikiwa na unga mikononi. Tulimpigia mzee simu, mimi ndiye nikapiga kelele. "Mchungaji, toka huko sasa hivi! Acha hata kuvaa koti!"

Alitoka, maskini. Lakini kila mtu alikuwa anatoka. Magari yalikuwa yamejaa mpaka milangoni, bodaboda zinapita tu hazisimami, na alipopata moja ikamfikisha darajani, askari walikuwa wameshaweka vizuizi. Akawasihi.

"Mzee, rudi ulikotoka," askari akamwambia.

"Mwanangu, ninakotoka ni hapo mbele," akajibu.

Haikusaidia. Chania inapita chini yake, taa za Thika anaziona kabisa, na hawezi kuvuka. Akarudi kwa Chege kulala, tukisema labda ni wiki tatu hivi.

Haikuwa wiki tatu. Kila zilipoisha, ziliongezwa nyingine. Na mimi hofu yangu ilikuwa moja tu, niliibeba toka Aprili mpaka Julai, nikala na kulala nayo: kwamba mzee atafia upande ule, na mama hatamwona. Mzee alikuwa amepita miaka sabini, ana presha, na wazee kama hao ndio tuliokuwa tunasikia wamekufa kila siku kwa habari. Tena watu walivyokuwa wanazikwa siku hizo, Ngai! Mtu anafungwa kwenye plastiki, anazikwa haraka na watu waliovaa meupe kichwa mpaka mguu, na jamaa zake wamesimama mbali hawajui hata ni nani wanamzika. Mimi ni mjane. Mume wangu angalau nilimwona uso, nikamfunga tai mwenyewe. Sikutaka mama wa watu akose hata hiyo, na ako nchi ya wenyewe.

Nilimwambia hivyo siku moja, waziwazi, kwa sababu mimi nikinyamaza naugua. Alikuwa anapiga pasi mashati ya mumewe. Kila wiki aliyafua yale mashati na kuyapiga pasi, na hakuna mtu wa kuyavaa.

"Mama Wanja," akaniambia, Wanja ni binti yangu, "mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini. Nimeona mtoto ametoka wa bluu, kila mtu ameshanyamaza, halafu analia. Sasa mimi nitakataje tamaa kwa sababu ya daraja?"

"Daraja lina bunduki," nikamwambia.

"Hata hivyo ni daraja." Akageuza shati upande wa pili.

Unaona sasa? Utabishana na nani?

Kilichotusaidia ni kwamba Thika yenyewe tuliruhusiwa kufika. Kwa hivyo kila Alhamisi nilitoa ile Probox aliyoniachia Baba Wanja, tunapanda wawili, tunaenda mpaka pale darajani na vidonge vya presha vya mzee vimefungwa kwa karatasi. Malori ya chakula yalikuwa yanapita. Tulimpa dereva, dereva akavuka navyo, na ng'ambo tunamwona mzee amesimama kando ya barabara na koti lake la kijivu, anapokea. Halafu wanapigiana simu. Wanaangaliana kwa macho na wanaongea kwa simu, mimi nimeegemea gari najifanya natazama mto.

"Geuka kidogo nikuone," mama anasema.

Mzee anageuka, kule mbali, mzima mzima, kama mtoto anayepimwa yunifomu.

"Umekonda."

"Sijakonda. Hapa nakula irio kila siku, mke wangu. Wananishindilia."

"Umekonda shingoni. Funga kifungo, kuna baridi."

Na mzee wa miaka sabini na kitu anafunga kifungo. Tulikuwa tunarudi Ruiru mama akitabasamu njia nzima, na mimi niko na uchungu wa kumpiga mtu.

Mei, wakubwa wao wa Tukuyu walipiga simu. Mpaka nao ulikuwa unafungwa, wakasema kuna nafasi ya mtu mmoja kwenye gari la kanisa linalorudi, mama awahi aende nyumbani kwa watoto, mzee atafuata mambo yakitulia. Niliisikia ile simu, aliiweka kwa spika. Nilijua ataenda. Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshapakia.

"Tulikuja wawili," akawaambia, pole pole kabisa. "Mkipata nafasi mbili mtanipigia."

Akakata, akauliza kama nina vitunguu.

Basi tukaendelea hivyo. Jioni akishakula anawapigia waumini, nyumba moja moja, mpaka salio linaisha. Jumapili anaweka kiti ndani ya geti, watu wanapita nje mmoja mmoja, anawaombea kupitia kidirisha cha geti. Walikuja wenye kazi zimeisha, walikuja wasichana wa kutoka viwandani walioambiwa wakae nyumbani bila mshahara, akina Auma, akina Mbinya, kila mtu na yake. Wote walikuwa wanaondoka wamesimama wima kidogo. Nilikuwa naona, hata kama nilikuwa nasonya.

Halafu mwisho wa Juni, Alhamisi moja, mzee hakuja darajani.

Tulingoja mpaka askari wakatuangalia vibaya. Simu yake ilikuwa imezimwa. Ya Chege ilikuwa inaita, inaita, inakata. Ukipiga tena, inaita, inakata. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Simu iliyozimwa ni chaji, lakini inayoita bila kupokelewa, mtu ameiangalia akaamua. Dereva wa lori aliyetoka upande ule akatuambia amesikia huko Makuyu kuna mzee mgeni amechukuliwa na ambulensi.

"Wageni ni wengi," Mama Tusekile akasema. Lakini siku hiyo kwa gari hakutabasamu.

Wiki nzima ikapita hivyo. Hakuimba. Aliendelea kufagia, aliendelea kuwapigia watu jioni, lakini kuimba hakuimba, na mimi ambaye kuimba kwake kulikuwa kunaniudhi, nilikaa pale dirishani nikingoja wimbo wake kama dawa.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, televisheni tena. Nchi inafunguliwa. Kuanzia alfajiri, daraja ni la kila mtu. Woi, Ruiru ilipiga kelele! Watu walitoka nje na sufuria wakazigonga. Makanisa nayo yatafunguliwa, wakasema, ila kidogo kidogo, na wazee wa kupita miaka hamsini na nane wasiingie.

Mama Tusekile alicheka hiyo, mara ya kwanza baada ya wiki. "Nimetumwa kutoka Tukuyu kuja kulea kanisa nisiloruhusiwa kuingia," akasema. Akaenda kutandika kitanda upya.

Jumanne tulingoja. Nilitaka tuondoke, lakini alisema mzee akiwa njiani tutapishana naye, na simu haipatikani, bora tukae. Tukakaa. Kwa ploti ya jirani kijana mmoja alirudi kutoka Murang'a, mamake akamshika shingo akalia. Muuza mboga alirudi. Hata fundi aliyekula pesa zangu za bomba alirudi, akapita mbele yangu bila haya. Daraja lilikuwa wazi, dunia yote inavuka, na Mchungaji Asajile havuki. Kulipoingia giza mama alisimama mlangoni, akakaza kitenge, akaniambia, "Kesho tunakwenda."

"Tunaenda," nikasema.

Jumatano asubuhi nilikuwa nimeshawasha Probox ipate moto. Nikaenda kufungua geti, na kabla sijashika komeo, likagongwa. Pole pole. Watu wa Ruiru hawagongi geti hivyo, wanalipiga kama wanalidai.

Nikachungulia kwa kile kidirisha. Walikuwa watu wazima watano, wanawake watatu na wanaume wawili, wamesimama kwa laini, wote na barakoa, hakuna uso unaoweza kuusoma. Wanawake wamefunga vitambaa vyeupe kichwani na kuvaa masweta. Mzee wa mbele ameshika kofia yake mkononi.

Nikakifunga kile kidirisha. Wacha nikuambie kwa nini. Kwetu, ukifiwa, hupigiwi simu. Wanakuja. Wanachaguliwa watu wazima, waume kwa wake, wanakuja asubuhi kabla hujatoka, wanagonga taratibu, wanaomba kuketi kwanza, na mwanamke mmoja anakaa ubavuni mwako ili uanguke kwake. Baba Wanja alipopata ajali na lori, walikuja hivyo hivyo, kwa geti hili hili. Na mimi, mjinga, nikawafungulia nikicheka, nikiwauliza wametokea wapi asubuhi yote hii.

"Mama Wanja?" yule wa mbele akasema. Sauti nikaijua ya kwenye simu. "Ni mimi Chege, wa Makuyu. Tumekuja na maneno. Tunaomba tuingie tuketi kwanza."

"Hamketi!"

"Mama..."

"Nimesema hamketi! Hayo maneno yenu rudini nayo!"

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akasogea. "Mama Wanja, ni Waruguru, mke wa Chege. Tumetoka mbali."

"Na mrudi mbali! Kwani nani aliwaita? Wiki mbili simu inaita hamshiki, leo ndio mnajua njia ya Ruiru?"

Niliegemeza mgongo wangu kwa geti kabisa, na miguu nikaikaza chini. Najua ni upuzi. Ni watu watano na mimi ni mmoja, na geti si la kuzuia kifo. Lakini kwa kichwa changu ilikuwa hivi: geti likikaa limefungwa, mzee yuko hai. Nikifungua, amekufa. Sikuwa tayari kufungua mara ya pili.

Mama Tusekile akatoka na mkoba wa safari. "Nani huyo, Mama Wanja?"

"Hakuna mtu."

"Unamgombeza hakuna mtu?"

Alinitazama usoni, akaweka mkoba chini. Akaja akanisogeza kwa mkono, si kwa nguvu, akachungulia. Alichungulia muda. Kumbe hata huko kwao wanakuja hivyo hivyo, kwa sababu aliporudisha uso wake kwangu ulikuwa umezeeka pale pale.

"Fungua," akasema.

"Sifungui, mama. Usinilazimishe."

"Kama wamekuja kuniambia mume wangu amekufa, hiyo habari wameibeba tangu Makuyu. Na wao imewachosha. Fungua waingie wakae."

Nikafungua nikilia.

Waliingia nyumba ya mbele mmoja mmoja, wakavua viatu. Waruguru akaja moja kwa moja akakaa ubavuni mwa Mama Tusekile, bega kwa bega. Nilipoona hivyo nikauma kitambaa changu nisipige nduru. Na yule mama, unajua alifanya nini? Aliinuka, akaleta chupa ya chai, akawamiminia wote watano, kikombe baada ya kikombe, na hakumwaga hata tone. Kisha akaketi, akaweka mikono magotini.

"Haya, baba," akamwambia Chege. "Niko tayari."

Chege akasimama. Akashusha barakoa, akakohoa kidogo, akaanza. Huyo mzee akianza kuongea utafikiri anaweka matofali.

"Mama, mwezi wa nne mto ulitufungia na mtu wako. Hukutukabidhi kwa mkono, lakini tulimpokea, tukasema huyu ni wetu. Alikuja akiwa mzima. Anatembea, anacheka, anasalimia mpaka mbuzi. Na mgeni akiwa kwako, kinachompata ni mzigo wako."

Mwanamke mmoja akaguna, "Ĩĩ."

"Wiki mbili zimepita, aliamka na homa. Kifua kikambana. Ikaitwa ambulensi, akapelekwa, akatengwa, wakasema tungoje majibu. Mimi nikafikiria, habari ya mgonjwa haipelekwi kwa simu. Mama yuko peke yake, akisikia hivyo akaanguka, nani atamshika? Nikazima simu yake. Yangu nikaiacha ikilia, kwa sababu siwezi kumdanganya mke wa mtu, na ukweli sikuwa na ruhusa ya kuusema hivyo hivyo hewani." Akazungusha kofia. "Mama, tulikuwa na mtu mzima, na hatukumtunza inavyofaa. Tulimlaza nyumba yenye baridi. Tumekuja, mimi na hawa, kusema kosa ni letu."

Wote wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa nimeshakaa sakafuni.

Mama Tusekile akauliza, kwa sauti ndogo lakini imenyooka, "Amefariki lini?"

Chege akainua kichwa. "Nani?"

"Mume wangu."

Chege akamwangalia mkewe. Akawaangalia wenzake, halafu akaniangalia mimi pale sakafuni, na naona hapo ndipo alipoanza kuelewa. "Mchungaji? Kwani nani amesema Mchungaji amekufa? Yuko kwa gari."

"Hapo chini kwa kiosk," Waruguru akaongeza haraka haraka. "Tuliona tusiingize gari kabla hatujazungumza. Yuko na mbuzi."

Jamani. Jamani! Yuko kwa gari. Majibu yalitoka, haikuwa korona, ilikuwa homa ya mapafu, akachomwa sindano, akapona, siku ya tatu akawa anauliza irio ziko wapi. Jumanne daraja lilipofunguliwa alitaka kuondoka alfajiri, ama angalau apige simu, wakamkatalia yote. Hawawezi kumrudisha mtu aliyeugulia mikononi mwao kama wanarudisha sufuria ya jirani. Lazima waombe msamaha kwanza, na msamaha huo unaombwa na wazee, na unakuja na mbuzi, na mbuzi wa maana alitafutwa Jumanne nzima. Na kwa sababu si vizuri mtu akae hapo akisikiliza wengine wakiomba msamaha kwa sababu yake, mzee akaambiwa angoje kwa gari mpaka yaishe. Haya yote nilielezwa baadaye, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshainuka.

"Chege!" Nilivua kitambaa changu cha kichwa nikamchapa nacho begani. "Mtu yuko hai na wewe unaanza na msamaha? Hujui kusema yuko hai? Ni maneno mawili!"

"Mama Wanja, mambo yana utaratibu wake."

"Utaratibu wa nani? Unataka kutuua na utaratibu?" Nikamchapa tena.

"Na kama ungetuacha tuongee pale getini..."

"Usithubutu! Usithubutu kunilaumu mimi!"

Nilipogeuka, kiti cha Mama Tusekile kilikuwa kitupu. Alikuwa ametoka bila viatu. Nilimkuta ameshapita geti, anakimbia kwenye matope ya Julai, kitenge amekishika juu ya magoti, na sikuwa nimewahi kumwona huyo mama akikimbia. Sote tukamfuata, mimi kichwa wazi, Makuyu yote nyuma yangu.

Pikapu ilikuwa imesimama kando ya kiosk. Mbuzi nyuma, mzee mbele, amefungwa blanketi mpaka kidevuni, dirisha limefunguliwa kidogo. Alipomwona mkewe alifungua mlango, akashuka polepole akishikilia gari. Alikuwa amekonda kweli, na sasa si shingoni tu.

Mama Tusekile akasimama mbele yake. Hakumshika. Alimtazama kichwa, akashuka mpaka viatu, akapanda tena.

"Umekaa kwenye gari?" akamwuliza.

"Waliniambia ningoje."

"Na wewe ukangoja?"

"Walikuwa na mazungumzo yao, mke wangu. Nisingeweza kuwavunjia heshima."

"Asajile!" Sikuwa nimemsikia akimwita jina. "Nimekuwa mjane pale ndani! Nimewamiminia watu chai nikiwa mjane, na wewe umekaa hapa na mbuzi!"

Akampiga ngumi kifuani, moja, kidogo tu. Akapiga nyingine. Ya tatu haikufika, ngumi ilifunguka njiani ikashika blanketi, na akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, makamasi, kila kitu. Kilio cha Aprili, cha Mei, cha Juni, chote alikuwa amekiweka mahali, sasa kilitoka. Mzee alimfunika na lile blanketi, akawa anasema, "Pole. Pole, mama. Nipo. Nipo hapa."

Na mimi nilisikia kitu kinaniachia hapa kifuani, kitu kilichokuwa kimenikaba tangu siku ile ya Baba Wanja, na sikujua kama bado kipo. Kumbe watu wanaweza kuja hivyo, kwa laini, na vitambaa vyeupe, na kofia mkononi, na bado mtu awe yuko hai. Nikatupa kichwa nyuma nikapiga ngemi, vigelegele vyetu. Nilipiga tano, zile tunazopiga mtoto wa kiume akizaliwa, na Waruguru na wenzake wakavuta barakoa chini wakazipokea, na watu wakatoka kwenye ploti wakiuliza nani amejifungua.

Tulipotulia, Chege alisogea. Kofia bado iko mkononi, maana kazi iliyomleta haikuwa imeisha, na yeye si mtu wa kuacha kazi katikati.

"Kwa hivyo, mama," akasema, "tuseme tumesamehewa?"

Mama Tusekile hakuinua kichwa kutoka kwenye kifua cha mumewe. Mwanamke ambaye hajawahi kumkosea mtu adabu tangu aingie Kenya.

"Ngojeni kwenye gari," akasema.

Chege akatuangalia. Mzee akamwangalia Chege, akatikisa kichwa kwamba hapo hana la kumsaidia. Basi wakapanda, wawili mbele na watatu nyuma pamoja na mbuzi, wakafunga mlango, wakangoja.